Bisi za kroshia: kwa nini zangu zililala, na nilivyozifanya zisimame

Mfumaji wa Jioni (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimefuma kroshia bapa tu, yaani vitambaa vya makochi, vya meza, na vile vya kufunikia televisheni ambavyo mama zetu hawakubali viondoke sebuleni. Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuta kwa jirani yangu mto wa kochi wenye vinundu vilivyotuna mstari kwa mstari, nikaupapasa kama mtoto, na nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kujifunza. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameupa mfumo huo jina la popcorn, kwa sababu kila kinundu kimefanana na punje ya mahindi iliyopasuka sufuriani. Sisi tunalo neno bisi tangu zamani, kwa hiyo nitatumia hilo. Atakayechanganya uzi huu wa jukwaani na uzi wa kufumia namwomba radhi mapema, maana lugha yenyewe ndiyo imetufanyia mzaha.

Nimeanzisha mada hii kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yanafundisha namna ya kufuma bisi moja, lakini hayasemi ni kitu gani kinachoifanya isimame. Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki tatu nzima.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, kwa sababu kila mmoja wetu alifundishwa na mtu wake. Cheni ni cheni, hilo halina mgogoro. Mshono mfupi ni ule ambao sindano, hii yetu yenye ndoano, inaingia, unavuta kitanzi, unazungusha uzi na kuuvuta upite vitanzi vyote viwili kwa pamoja. Nguzo ni mshono mrefu: uzi unazungushwa mara moja kwenye sindano kabla haijaingia, unavuta kitanzi, unapitisha uzi katika vitanzi viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. Sitatumia majina ya mishono yaliyotoka Kiingereza, yaani singo, dabo wala trebo hapa, na sababu yake naamini itajitokeza tukiendelea.

Bisi moja hufumwa hivi. Unafuma nguzo tano ndani ya shimo moja. Ukimaliza ya tano, unakirefusha kidogo kitanzi kilichomo sindanoni ili kisifumuke, kisha unaichomoa sindano kabisa. Unaiingiza kutoka mbele katika kichwa cha nguzo ya kwanza kati ya zile tano, chini ya vitanzi vyake vyote viwili vya juu, unakinasa kile kitanzi ulichokiacha kinaning'inia, na unakivuta kipite. Nguzo tano zinajikunja kama kiganja kinachofumbwa. Unamalizia kwa cheni moja ya kuifunga, na hiyo cheni ifunge kwa nguvu kuliko cheni zako za kawaida.

Sampuli yangu ya kwanza niliifuma yote kwa nguzo: nguzo tatu, bisi, nguzo tatu, bisi. Nilifuata kila hatua, na bisi zangu zikalala ubavu kama bisi za jana zilizoachwa wazi usiku kucha. Nikadhani mkono wangu ni mlegevu, nikakaza uzi mpaka sindano ikawa inakwaruza ikiingia, na vidole vikaniuma. Bisi zikawa ndogo zaidi na bado zimelala. Sampuli ya pili nilibadilisha uzi nikachukua mnene, bila faida yoyote isipokuwa gharama.

Ufumbuzi niliupata kwa uvivu. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka, nikaona nimalizie sampuli kwa mishono mifupi badala ya nguzo ili nikalale, na bisi za mstari ule wa mwisho zikasimama zenyewe, zimevimba, zinatazama juu. Nilikaa nikizigeuzageuza kwa muda mrefu kabla sijaelewa. Nguzo ni ndefu kuliko mshono mfupi. Bisi iliyofumwa kwa nguzo tano ikiwa imezungukwa na nguzo wenzake, ina nafasi ya kutosha ya kujinyoosha kwenda juu, na kwa kuwa inaweza kujinyoosha haina sababu ya kutuna. Ukiizungushia mishono mifupi, mstari unakuwa mfupi kuliko bisi yenyewe, chini imebanwa na juu imebanwa, na njia pekee iliyobaki ni kutoka nje. Kwa hiyo muda wote nilikuwa nikirekebisha bisi, wakati kosa lilikuwa katika mishono iliyoizunguka. Simaanishi kwamba bisi katikati ya nguzo haiwezekani, maana wapo wanaoifuma hivyo na ikapendeza, ila hutuna kwa upole, na anayejifunza akianza nayo hatajua kama amepatia au amekosea.

Sampuli ninayopendekeza kwa anayeanza ina mishono 21. Funga cheni 22, na mshono mfupi wa kwanza uingie katika cheni ya pili kutoka sindanoni, ili mstari wa kwanza uwe na mishono mifupi 21. Geuza kazi, funga cheni moja ambayo haihesabiwi. Mstari wa pili: mishono mifupi 2, bisi, kisha mishono mifupi 3 na bisi, ukirudia hivyo mpaka uwe na bisi 5 na mishono mifupi 2 ibaki mwishoni. Mstari wa tatu ni mishono mifupi 21 mitupu. Mstari wa nne unaanza na mishono mifupi 4, bisi, halafu mishono mifupi 3 na bisi mpaka zifike bisi 4, na unamalizia kwa mishono mifupi 4, ili bisi zake zikae katikati ya nafasi zilizoachwa na mstari wa pili. Mstari wa tano ni mishono mifupi mitupu, kisha unarudi kwenye mstari wa pili. Anayetaka kitambaa kipana zaidi aongeze cheni nne-nne juu ya hizo 22.

Nilitumia uzi wa akriliki wa unene wa kati, ule ambao wengi tunaufahamu kama uzi wa sweta, na sindano ya milimita 4. Anayeanza asichukue uzi mweusi. Rangi nyeusi humeza kivuli, na bisi bila kivuli haionekani, hata wewe mwenyewe hutaona mahali pa kuingiza sindano.

Jambo la mwisho ni ile cheni ya kufungia, ambayo ilinifanya nifumue sampuli nzima. Katika mstari wa tatu nilifuma mshono mmoja juu ya bisi na mwingine ndani ya cheni yake, nikidhani ni mishono miwili. Bisi tano zikaniongezea mishono mitano, nikawa na 26 bila kujua, na kitambaa kikaanza kutanuka kama sketi ya marinda. Bisi pamoja na cheni yake ni mshono mmoja. Hesabu kila mstari mtupu, na kama si 21 usiendelee.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kitanzi Kirefu

Asante sana, dada, kwa maelezo yaliyonyooka. Nina swali ambalo huenda litaonekana la kitoto. Kabla sijaukuta uzi huu nilikuwa nikifuata maelekezo kutoka katika kitabu cha zamani cha Kiingereza nilichokinunua kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba. Kwa upande mwingine nilikuwa nikitazama video za mwalimu mmoja wa Marekani. Mwalimu anasema bisi ni dabo tano, nami nikafungua kitabu kutazama dabo inafumwaje, nikafuma tano katika shimo moja. Nilichokipata ni kifundo kigumu kama kokoto ambacho sindano haikutaka hata kuingia. Je, tatizo ni uzi wangu wa pamba?

Mfumaji wa Jioni

Dada yangu, swali hilo si la kitoto, na ndiyo sababu nilikwepa maneno hayo mwanzoni. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Kile ambacho Mmarekani anakiita singo, Mwingereza anakiita dabo. Na dabo ya Mmarekani, ambayo ndiyo nguzo yetu, kwa Mwingereza ni trebo. Mwalimu wako alimaanisha nguzo tano, wewe ukafuma mishono mifupi mitano kwa mujibu wa kitabu cha Kiingereza, na mishono mifupi mitano katika shimo moja haiwezi kuzaa kitu kingine zaidi ya kokoto.

Njia rahisi ya kutambua ni kutafuta neno singo katika maelekezo. Likiwepo kama jina la mshono wa kawaida wa kufumia mistari, maelekezo hayo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza huanza kuhesabu kwenye dabo. Lisipokuwepo na ukaona dabo na trebo zimejaa, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba unasoma ya Kiingereza. Kama kuna mchoro wa alama, fuata mchoro uache maneno, kwa kuwa alama za mishono hiyo hazibadiliki kwa kufuata nchi: nguzo ni herufi T yenye mstari mmoja wa mshazari, na mshono mfupi ni alama ya jumlisha au ya kuzidisha.

Tena uwe tayari kwamba ukilitafuta neno kroshia kwa tahajia ya Kiingereza katika video, utaletewa kwanza mitindo ya nywele, maana wasusi nao wana sindano yao yenye ndoano na jina ni hilohilo. Mimi nilipoteza jioni nzima nikitazama rasta.

Fundi wa Mablanketi

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na hoja ya mishono mifupi. Hata hivyo, naomba kutofautiana na mwanzilishi katika jambo moja. Kwa maoni yangu bisi si mfumo wa kumfundisha anayeanza, na kwa blanketi zima ni mateso. Kila bisi inakulazimisha kuichomoa sindano, kuitafuta nguzo ya kwanza, na kurudi kukinasa kitanzi. Blanketi la mtoto lenye mamia ya bisi litakuchosha mkono kabla hujafika nusu.

Ninachokitumia mimi ni ndugu yake, ambaye sisi katika kikundi chetu tunamwita gololi. Unafuma nguzo tano katika shimo moja kama kawaida, lakini hakuna hata moja unayoimalizia: kila moja unaiacha na kitanzi chake cha mwisho sindanoni. Mwishoni unakuwa na vitanzi sita, unazungusha uzi na kuuvuta upite vyote kwa mkupuo mmoja. Sindano haitoki hata mara moja. Matokeo ni kinundu cha mviringo, kimefungwa juu na chini, hakina uwazi ndani.

Tena kuna wa tatu, ambaye ni laini kuliko wote. Huyo hana nguzo kabisa. Unazungusha uzi, unaingiza sindano, unavuta kitanzi kirefu, na unarudia katika shimo lilelile mara tatu au nne mpaka uwe na vitanzi saba au tisa sindanoni, kisha unavuta uzi upite vyote. Kinundu chake kinabonyea kama andazi, kinapendeza katika kofia, lakini vitanzi vyake virefu hunasa pete na hereni, kwa hiyo nisingeushauri kwa kitu kinachotumika kila siku.

Mfumaji wa Jioni

Kaka, nakubali kwamba gololi ni ya haraka, na sitabishana na mtu anayefuma mablanketi. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo hukuitaja. Gololi hutunia upande wa nyuma wa kazi. Kwa hiyo mtu akiifuma huku uso wa kitambaa unamtazama, kinundu kinatokea mgongoni, na inampasa aifume katika mistari ya mgongo huku akikisia itakavyoonekana upande wa pili. Kwa anayeanza, huo ndio mtego. Bisi anaifuma ikimtazama usoni, akiikosea anaona palepale.

Bisi nayo inaweza kufumwa katika mstari wa mgongo pale mchoro unapodai. Badala ya kuingiza sindano kutoka mbele, unaipitisha nyuma ya kazi na kuiingiza katika kichwa cha nguzo ya kwanza ikielekea kwako, kisha unakinasa kitanzi na kukivuta kipite kwenda nyuma. Bisi inatunia upande usiokutazama, ambao ndio uso.

Kuhusu uwazi wa ndani nitakubaliana nawe nusu. Bisi ina uwazi ndani kama kikombe kidogo kilichofunikwa, na ndiyo maana inasimama juu zaidi ya gololi. Lakini upande wa mgongo huacha kishimo, na kwa blanketi ambalo pande zote mbili huonekana, gololi yako inanishinda.

Bi Kanji

Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea mazungumzo haya, nikamwambia aniandikie. Mimi nilifundishwa kufuma na masista nikiwa msichana, kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ya chuma nyembamba kama ya kushonea viatu, na bisi hizi tulizifuma pembezoni mwa vitambaa vya meza bila kuwa na jina lolote la mahindi. Tuliziita vinundu tu, basi.

Nina mambo mawili. La kwanza ni uzi. Pamba ya kawaida ina manyoya madogo, na manyoya hayo yanaifanya bisi ionekane imefifia. Tafuteni pamba yenye mng'aro, ile inayoteleza kidogo mkononi. Mjukuu wangu amesoma kwamba Mwingereza mmoja, John Mercer, aligundua mwaka 1844 kuwa uzi wa pamba ukiwekwa katika kostiki soda hubadilika, ukawa na nguvu zaidi na kushika rangi vizuri, na baadaye wengine wakaongeza kuuvuta wakati wa kuuloweka ndipo ukang'aa. Mimi nilijua mng'aro tu, sikujua habari za kostiki. Pamba hiyo haisamehe mkono mlegevu, lakini kinundu chake kinaonekana toka mlangoni.

La pili ni pasi. Msipige pasi bisi. Nimeona kitambaa cha harusi kimebanwa kwa pasi ya moto mpaka kikawa kama chapati. Kioshwe kwa mkono, kikamuliwe ndani ya taulo bila kukisokota, kitandazwe juu ya godoro lililofunikwa shuka safi, na kivutwe kwa pini zisizoshika kutu mpaka kinyooke. Kikiwa bado kibichi, geuza sindano yako na ule upande wake butu uisukume kila bisi kutoka mgongoni, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini bisi ikikauka imesimama inabaki imesimama. Kwa kitambaa cha meza nilikuwa natia kanji nyepesi. Wapo waliokuwa wanatia maji ya sukari, na kitambaa kinakuwa kigumu kwelikweli, ila sisimizi nao wanakuja kukaa sebuleni.

Mfumaji wa Jioni

Shikamoo bibi. Hilo la upande butu wa sindano sikulijua, na nimelijaribu jana usiku kwenye sampuli yangu ya kwanza, ile iliyolala. Hata zile zimeinuka kidogo, ingawa si kama za kwenye mishono mifupi. Naongeza tu kwamba kwa uzi wa akriliki onyo lako la pasi ni kubwa zaidi, kwa sababu moto mkali huulegeza moja kwa moja na haurudi tena, hata ukiuosha mara kumi.

Mpenda Lesi

Naomba nichangie kutoka upande wa historia, kwa kuwa inahusiana na swali la mwanzilishi kwamba ni kitu gani kinachokifanya kinundu kisimame. Jina kroshia lenyewe limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya ndoano ndogo. Kazi za kroshia zenye vinundu maarufu kuliko zote pengine ni zile za Ireland. Njaa kuu ilipoikumba nchi hiyo kuanzia mwaka 1845, baada ya viazi kushambuliwa na ugonjwa, kufuma lesi za kuuza kukawa njia mojawapo ya familia maskini kupata fedha. Katika mji wa Clones, katika jimbo la Monaghan, mke wa kasisi aliyeitwa Cassandra Hand alianzisha kazi hiyo mwaka 1847, na mji huo ukawa kituo kikubwa cha lesi.

Kinundu cha Clones hakifanani na bisi hata kidogo. Unafuma cheni chache, kisha unazungusha uzi juu na chini ya cheni hizo mara nyingi, kumi au zaidi, mpaka sindano inajaa mizunguko, halafu unavuta uzi upite yote na kuifunga kwenye shina la cheni. Kinatokea kitu kama punje ya pilipili manga. Maua ya Ireland, kwa upande wake, yanainuka kwa sababu mfumaji anafuma mishono mifupi juu ya uzi mnene uliolazwa chini kama kijazio. Kwa hiyo kuna njia tatu tofauti: bisi inasimama kwa kusongamanishwa, kinundu cha Clones kwa kuviringishwa, na ua la Ireland kwa kujazwa. Aliyezoea moja asidhani mkono wake utazijua nyingine mara moja. Mimi bisi nilizipata kwa siku moja, lakini kinundu cha Clones kilinichukua muda mrefu, kwa sababu mizunguko yote inapaswa kulingana kwa ulegevu, vinginevyo uzi unakatalia katikati.

Kitanzi Kirefu

Nimeanza upya kwa nguzo, na sasa bisi zinatokea. Nina maswali mawili mengine. Kwanza, nikitaka kufuma kitambaa cha duara chenye bisi, mzunguko nauanzaje wakati sina nguzo ya kwanza? Pili, nitajuaje kiasi cha uzi wa kununua? Dukani kwetu rangi ikiisha haijulikani itarudi lini.

Mfumaji wa Jioni

Kwa duara, cheni tatu za mwanzo zinashika nafasi ya nguzo ya kwanza. Fuma nguzo nne palepale zilipoota cheni hizo ili jumla iwe tano, chomoa sindano, iingize katika cheni ya tatu, yaani ile ya juu kabisa, na ukivute kitanzi kama kawaida. Bisi hiyo ya kwanza huwa nyembamba kidogo kuliko wenzake na hakuna atakayeiona isipokuwa wewe. Kati ya bisi na bisi weka cheni za kutosha, mbili au tatu kufuatana na uzi wako, la sivyo duara litajikunja na kuwa kofia.

Kuhusu uzi, usikadirie kwa macho, maana bisi inakula. Katika mstari wenye bisi 5 tuliouona juu, kuna nguzo 25 na mishono mifupi 16, ilhali mstari mtupu una mishono mifupi 21 tu. Fuma mistari minne ya sampuli, kuanzia wa pili hadi wa tano, ifumue, na upime urefu wa uzi kwa futi ya fundi cherehani. Mistari hiyo minne ndiyo mchoro wako mzima, kwa hiyo unazidisha kwa idadi ya marudio, unaongeza kidogo kwa ajili ya pindo na makosa, na unalinganisha na mita zilizoandikwa kwenye karatasi ya bonge la uzi. Kama karatasi haina mita, pima mwenyewe kwa kuufungua. Na mabonge yote yanunue siku moja, ukihakikisha namba ya mkupuo wa rangi iliyochapishwa kwenye karatasi ni ileile, kwa sababu nyeupe mbili za dukani zinaweza kufanana pale kwenye rafu na zikatengana mara tu zikifumwa pamoja.

Mkono wa Kushoto

Sisi tunaotumia mkono wa kushoto je?

Fundi wa Mablanketi

Hakuna kinachobadilika isipokuwa mwelekeo wa mstari. Nguzo ya kwanza kati ya tano, ambayo kwetu iko upande wa kulia wa kundi, kwako itakuwa upande wa kushoto. Ukiingiza sindano kutoka mbele bisi itakutazama vilevile. Mke wangu ni wa mkono wa kushoto, na alijifunza kwa kukaa mkabala na mimi badala ya kukaa ubavuni, akawa ananiona kama kwenye kioo.

Kitanzi Kirefu

Nimefika mstari wa 12, na hesabu ni 21 kila mara. Bisi zote zimesimama isipokuwa moja ya mstari wa 10, ambayo imetokea mgongoni, na usoni imeacha kishimo. Bibi, naomba kuuliza kama ninaweza kuisukuma kwa upande butu wa sindano bila kufumua.

Bi Kanji

Mwanangu, itazame shingoni, pale ilipofungwa. Kama sindano iliingia kutoka mbele, isukume, itakuja yenyewe. Kama iliingia kutoka nyuma, utaisukuma leo na kesho utaikuta imerudi.

Kitanzi Kirefu

Iliingia kutoka nyuma. Nimefumua.